Kura ya Spika Mbili

Kampuni ya Trallo ilipotununua, kitu cha kwanza walichotuletea ni bembea. Naapa. Bembea ya kamba na ubao, ikaning'inizwa kwenye dari ya kantini, kati ya mashine ya kahawa na dirisha la kurudishia vyombo, eti sisi watu wazima wa Sønderlev, wengi wetu tukiwa na magoti yaliyokwisha zamani, tubembee tupate mawazo mapya. Gerda wa idara ya gundi aliitazama, akalitundika koti lake juu ya ubao. Kuanzia hapo wote tukawa tunatundika makoti hapo.

Cha pili walichotuletea ni Malthe. Huyu alitoka Kopenhagen, umri wake miaka thelathini na nne, viatu vyeupe kama vya mtoto wa kubatizwa, na siku ya kwanza alisimama mbele yetu akasema, "Habari njema ni kwamba hakuna atakayepoteza kazi." Hakuna aliyekuwa ameuliza. Mtu akianza kujibu swali ambalo halijaulizwa, huku Jutland, mbali na mji mkuu wa Denmark, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Siku ile nyumba mbili mtaani kwetu zilitangazwa kuuzwa, na hadi leo hazijapata mnunuzi.

Mimi naitwa Solvej Thorup. Kwa miaka ishirini na saba nimekuwa msikilizaji wa mwisho wa Hedelund. Mzee Aksel Hedelund alianza kutengeneza spika ndani ya zizi la baba yake, ng'ombe wakiwa bado wamo, na aliweka sheria moja tu: spika yoyote isitoke na jina lake kabla ya mtu mmoja mwenye masikio, si mashine, kuketi nayo na kuisikiliza mpaka mwisho. Akiridhika, anaandika jina lake kwa mkono ndani ya kasha, mahali ambapo mnunuzi hatapaona mpaka siku spika itakapofunguliwa kwa matengenezo. Asiporidhika, inarudi mezani kwa fundi. Hakuna wa kumpinga. Aksel mwenyewe alirudishiwa spika zake mara mbili na msikilizaji aliyenitangulia. Alinuna wiki nzima, kisha akazitengeneza upya.

Watu wetu si wa kusifu. Nikisema spika si mbaya, mafundi wanatembea vifua mbele hadi jioni. Nikisema inafaa, wanajua imepita kwa tabu. Nikinyamaza, wanaibeba na kurudi nayo kimyakimya, na kesho yake ninaikuta tena mlangoni, imebadilishwa kitu kidogo kisichoonekana kwa macho. Ndivyo tulivyoishi, na pea moja ya spika zetu ilikuwa na bei ya gari zuri lililotumika, na watu walinunua, na walipokufa watoto wao waligombania hizo spika kuliko nyumba.

Aksel alipofariki, wajukuu wake waliuza. Siwalaumu. Nawalaumu kidogo. Wangeweza kuuza kwa yeyote, wakaenda kuuza kwa Trallo, watu wa chaja za simu na redio za bafuni, watu wa zile spika za masikioni zinazoning'inia karibu na keshia pembeni ya chingamu, ambazo ukizinunua Jumatatu, Ijumaa sikio moja limeshakufa.

Malthe alikuja chumbani kwangu wiki ya tatu. Chumba cha kusikilizia kina kiti kimoja tu, kwa sababu anayesikiliza ni mmoja. Akaketi yeye. Mimi nikasimama.

"Solvej," akasema, "hivi unajua kwamba wewe ni hazina?"

"Sijui. Sema unachotaka."

"Ha! Ninyi watu wa Jutland bwana, mnanifurahisha."

Akafungua mkoba, akatoa kidude cha plastiki chenye ukubwa wa mkate wa boflo, rangi ya waridi. Hedelund Mini, akaniambia. Itauzwa kwenye maduka makubwa ya nchi kumi na tisa. Akaomba niisikilize, tena aliomba kwa adabu, nami kazi yangu ni kusikiliza. Nikamwondoa kwenye kiti. Nikaisikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho, kama ninavyosikiliza zote. Mwimbaji alikuwa kama amevishwa ndoo kichwani, na besi ilikuwa inapiga tu, haijali wimbo gani. Ilipokwisha nikanyamaza.

Malthe akanitazama, macho yakamlegea. "Umeguswa," akasema kwa sauti ya chini. "Naona. Hata mimi niliguswa."

Niliwahi kuwa na mume mpole, nilizaa watoto watatu, nimefundisha watoto Jumapili kanisani, subira ninayo. Lakini siku ile niliiona inatoka mlangoni inaniaga.

"Kijana," nikamwambia, "hii sijaipitisha."

"Lakini umeisikiliza."

"Nimeisikiliza ndiyo maana sijaipitisha."

Hapo akanionyesha boksi la mfano. Boksi zuri, siwezi kusema uongo. Mbele yake pameandikwa kwa herufi kubwa: IMESIKILIZWA NA MSIKILIZAJI WA MWISHO WA HEDELUND. Chini yake palikuwa na jina langu kwa mwandiko wangu, wamelinakili kutoka ndani ya spika ya zamani iliyoletwa kutengenezwa. Jina ambalo niliandika gizani, ndani ya mbao, kwa ajili ya fundi mmoja wa miaka ya mbele, sasa linametameta kwa rangi ya dhahabu.

"Tunachohitaji ni ruhusa yako tu," Malthe akasema. "Karatasi moja. Na maandishi hayadanganyi, Solvej. Yanasema imesikilizwa. Hayasemi imependwa."

"Iuzeni kwa jina la Trallo."

"Jina la Trallo halina roho."

"Basi itafuteni hiyo roho pale karibu na keshia, huwa mnauza kila kitu."

Akacheka, akaniambia mimi ni wa ajabu, akaondoka na boksi lake. Kuanzia siku hiyo vikaanza vikao. Mungu wangu, vikao! Kikao cha kuzungumzia ndoto zetu. Kikao cha kubandika vikaratasi vya njano ukutani, kila mmoja aandike Hedelund ingekuwa mnyama ingekuwa nani. Gerda aliandika "ng'ombe mzee", Malthe akasema hayo ndiyo mawazo anayoyataka. Na kila kikao kiliishia kwangu, nikivishwa kilemba cha ukoka: Solvej masikio ya dhahabu, Solvej mama wa sauti, Solvej saini hapa. Nikakataa Jumatatu. Nikakataa Alhamisi. Spika za kweli zikarundikana mlangoni pangu zikisubiri kusikilizwa, nami nimekaa mbele ya vikaratasi vya njano.

Aliyekata mzizi wa fitina ni Verner.

Verner Bisgaard ni mwakilishi wa wafanyakazi. Ndiye anayetusemea kwa wakubwa, na ndiye fundi wa vipimo. Kila spika inapita mikononi mwake kabla haijafika kwangu. Tumefanya kazi ukuta kwa ukuta miaka yote hiyo. Ni mtu wa maneno machache, na hayo machache huyatoa kwa shida. Sasa kikao cha sita au cha saba, Malthe akiwa anachora duara ubaoni, Verner akainuka akasema:

"Tupige kura."

Kila mtu akashusha pumzi. Sisi kwa kura, tuachieni wenyewe. Tumepiga kura kuhusu jibini la kantini. Tumepiga kura kama dirisha la kaskazini lifunguliwe Machi au Aprili. Wengi wakishaamua, waliobaki wananyamaza na maisha yanaendelea.

"Weka spika mbili nyuma ya pazia," Verner akasema. "Moja ni hiyo ya plastiki. Nyingine ni yetu ndogo, ile ya mbao ya kuweka rafuni. Wote sitini na tatu tusikilize bila kujua ipi ni ipi. Wengi wakichagua ya mbao, sheria ya Aksel inabaki kama ilivyo, na hii ya plastiki mtaiuza kwa jina lenu wenyewe. Wengi wakichagua ya plastiki, itabeba jina la Hedelund, na chumba cha Solvej kitafungwa."

Malthe karibu apande bembea kwa furaha.

Wote wakanigeukia. Na mimi, Mungu anisamehe kiburi changu, sikufikiri hata kidogo. Niliwatazama wale watu. Gerda ameunganisha makasha kwa gundi miaka thelathini na moja. Wapo wanaochomelea waya zetu wakiwa wamefumba macho. Watu hawa wamekula, wamelala na wamezeeka na sauti ya Hedelund. Nikasema, "Mimi nakubali. Na sitasema neno mpaka kura zihesabiwe, asije mtu akasema niliwashawishi."

"Nani atapanga mitambo?" Malthe akauliza.

"Verner," tukasema, kama watu wanaoitikia sala.

Kuna jambo inabidi nilieleze hapa, maana ndilo lililotumaliza. Sikio la binadamu linapenda sauti kubwa. Ukiweka spika mbili na moja ukaizidishia sauti kidogo, kidogo tu kiasi kwamba mtu hawezi kusema imezidi, atasema ni tamu zaidi. Atasema ina uhai. Kila muuza redio mjanja anaujua mchezo huo, na kwetu kila mwanagenzi anafundishwa siku ya kwanza: kabla ya kulinganisha, sawazisha. Ipo mashine ya kupimia, ina namba, mtu yeyote angeweza kuinama akaisoma. Hakuna aliyeinama. Ndivyo tulivyo. Huku kwetu viazi vinauzwa kando ya barabara bila muuzaji. Unachukua mfuko, unaweka kroner zako kwenye kopo, unakwenda zako. Kumkagua Verner mashine yake ni sawa na kumhesabia jirani viazi vyake. Mtu angeona haya.

Ijumaa ikafika. Ijumaa asubuhi ni siku ya mikate ya moto, kila wiki zamu ya mmoja wetu kununua, na ile ilikuwa zamu ya Gerda, tena alikuwa anatimiza miaka sitini, kwa hiyo bendera ndogo za karatasi zilisimama katikati ya meza na mishumaa ikawashwa. Tukamwimbia. Tukala mikate kwa siagi na jibini. Kisha Verner akavuta pazia la kijani lililokuwa limefungwa upande wa bembea, akaenda nyuma yake, na mimi nikakaa mwisho wa ukumbi karibu na makoti mengine, mikono mapajani.

Wimbo ulikuwa kwaya ya kanisa letu wenyewe. Aksel aliirekodi miaka mingi iliyopita, na katikati ya ubeti wa pili bibi mmoja wa benchi la tatu, kushoto, anakohoa. Kikohozi hicho ndicho kipimo changu. Spika nzuri inakuonyesha benchi. Unajua bibi yuko wapi na kwamba amejiziba mdomo kwa mkono. Spika mbaya inakupa kikohozi tu.

"Ya kwanza," Verner akasema nyuma ya pazia.

Kwaya ikaimba. Bibi akakohoa, kushoto, benchi la tatu, kajiziba mdomo. Moyo wangu ukatulia. Nikasema moyoni, hata mtoto atajua.

"Ya pili."

Noti tatu za mwanzo tu, nikajua. Si kwamba ilikuwa ya plastiki tu. Hilo lilikuwa wazi. Nilijua kwamba imezidishwa. Kidogo, kwa ustadi, kama mtu anayejua hasa sikio la mwenzake linaishia wapi. Waimbaji walikuwa wamesogea hatua moja mbele. Bibi alipokohoa, alikohoa mezani kwetu, kati ya siagi na bendera. Nikainua macho. Pembeni ya pazia nilikuwa naona bega la Verner na sehemu ya kichwa chake. Alikuwa anatazama viatu vyake.

Kura ya kunyoosha mikono, mimi na Verner hatukupiga. Ya kwanza: kumi na tatu. Ya pili: arobaini na nane. Gerda alinyoosha mkono wake juu kabisa, vidole vimetandazwa, akanigeukia akiwa amejaa tabasamu, akanikonyeza.

"Ya pili ndiyo yetu, mama," akamwambia kwa sauti aliyeketi karibu naye. "Ile ina moyo. Ya kwanza imepooza, plastiki hiyo huwezi kuificha."

Walidhani wanatuchagua sisi. Arobaini na nane wale, walinyoosha mikono kwa mapenzi. Nilitamani kupiga kelele, nilitamani kulia, zaidi ya yote nilitamani kumrushia Malthe mkate.

Pazia likavutwa. Iliyoimba ya pili: rangi ya waridi.

Nimewahi kukaa kwenye misiba iliyokuwa na kelele zaidi. Gerda aliuweka mkate wake sahanini, akaanza kuzing'oa bendera zake moja moja, akizilaza mezani. Fundi mmoja wa waya akasema, "Haiwezekani." Mwingine akamjibu, "Si tumesikia wenyewe? Masikio yako ni ya nani?" Mtu akacheka, akanyamaza haraka.

Malthe hakujua afurahi vipi. Angalau hakupiga makofi. "Solvej," akasema, "uliahidi kunyamaza mpaka kura zihesabiwe. Zimehesabiwa. Una neno?"

Hapo wote wakanitazama, na Verner naye, kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo, akainua uso. Mashine ya kupimia ilikuwa hatua kumi kutoka nilipo. Ningesema tu: nenda kasome namba. Sentensi moja. Chumba changu kingebaki, sheria ya Aksel ingebaki, Gerda angezisimamisha tena bendera zake. Na Verner angekwisha, kwa sababu mtu aliyeiba kwenye kopo la viazi hakai Sønderlev.

Uso wake haukuwa uso wa mwizi. Ulikuwa uso wa mtu anayesubiri kupigwa, amekwisha kukubali. Mtu huyu aliwahi kuendesha gari kilomita ishirini kurudisha kroner tano alizorudishiwa zaidi. Akidanganya yeye, kuna kitu.

"Wengi wape," nikasema. Nikatoka.

Alinifuata chumbani. Akafunga mlango, na ule mlango ukifungwa hata upepo wa nje husikii. Kiti kimoja, watu wawili, hakuna aliyeketi.

"Ulisikia," akasema.

"Usiniulize upuuzi, Verner."

"Nilijua utasikia."

"Na ukaendelea."

"Nikaendelea."

"Kwa nini? Sema kabla sijakutupia hiki kiti."

Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa. "Malthe aliniita miezi miwili iliyopita. Kama mwakilishi, kwa siri. Nikaweka sahihi kwamba sitasema. Mini ikitoka kwa jina la Hedelund, tutaiunganisha hapa. Kazi zote zinabaki, miaka mitano. Isipotoka, Krismasi wanafunga kiwanda na kuhamisha jina. Wote sitini na tatu, Solvej. Gerda ana miaka sitini leo, nani atamwajiri? Nyumba za hapa nani atanunua? Shule itabaki na watoto wangapi?"

"Ungeniambia."

"Niliweka sahihi."

"Ala! Sahihi yako hukutaka kuivunja. Masikio ya watu arobaini na nane uliyavunja bila shida."

Akaegemea ukuta.

"Unajua ulichokifanya?" Sauti yangu ilikuwa imepanda, nikaiacha ipande, chumba kile kimejengwa kwa ajili hiyo. "Gerda ataondoka hapa anaamini kwamba miaka thelathini na moja aliunganisha makasha ambayo yeye mwenyewe hawezi kuyatofautisha na ndoo. Wote. Umewaambia kwamba kazi yao yote ilikuwa hadithi. Na kuwaambia ukweli siwezi, kwa sababu nikiwaambia, Krismasi hawana kazi. Umekaa nyuma ya pazia lako ukajua kuna mtu mmoja tu atakayesikia, na ukanihesabia kwamba nitanyamaza. Hukuniuliza. Umenitumia mimi kama ulivyotumia ile mashine."

"Ndiyo," Verner akasema. "Sikuona njia nyingine."

Hilo ndilo lililonichosha kabisa. Angejitetea ningempiga. Lakini anasema ndiyo, amesimama na miwani yake, na mbaya zaidi ni kwamba hata mimi, nikiisukuma hasira pembeni kidogo, sikuiona hiyo njia nyingine.

Mlango ukagongwa. Malthe, na karatasi. Akaingia, akaufunga nyuma yake.

"Samahani," akasema, na nadhani alimaanisha. "Najua ni asubuhi ngumu. Ni ile ruhusa tu. Ya jina lako."

"Kura ilikuwa ya jina la Hedelund," nikasema. "Hilo mmeshinda, lichukueni. Langu halikuwa kwenye kura."

Akamtazama Verner. Verner akatazama sakafu.

"Solvej, maboksi laki nne yameshachapwa maneno. Imebaki nafasi ya jina. Makao makuu wanataka msikilizaji, mtu, mwandiko wa mkono. Bila hilo ni spika ya plastiki kama zile nyingine zote."

"Na ndivyo ilivyo."

"Bila hilo," akasema polepole, na yale mambo ya kunivika kilemba yakawa yamemtoka usoni, "makubaliano hayapo. Si mimi ninayeamua. Ningekuwa mimi..." Akaishia hapo. Nikaona kwamba hata yeye ni mtoto tu aliyetumwa dukani na watu asiowajua.

"Solvej," Verner akasema. "Watu sitini na tatu."

"Najua kuhesabu."

"Ni jina tu."

"Ni jina tu?" Nikamgeukia. "Basi weka lako."

 Nikaichukua karatasi mkononi mwa Malthe, nikaiweka juu ya mkono wa kiti, nikaigeuza upande wa Verner.

"Aksel alisema mtu mmoja mwenye masikio," nikasema. "Hakusema mimi. Chumba changu kimefungwa, wengi wamesema, leo mchana nabeba vyangu. Nafasi iko wazi. Malthe, makao makuu wana shida ikiwa msikilizaji ni Verner?"

Malthe akafikiri. Nilimwona akifikiri. "Fundi wa vipimo," akasema. "Mikono ya kazi. Uso mwaminifu. Hapana, kwa kweli... hapana. Wataipenda."

Verner alikuwa amepauka. "Mimi sijui kusikiliza," akasema. "Wewe unajua kwamba sijui. Ninasoma namba tu. Nitasema nini mtu akiniuliza? Watagundua."

"Hakuna atakayegundua," nikamwambia. "Umelithibitisha mwenyewe leo asubuhi, mbele ya kantini nzima."

 Kutoka kantini hakukuja sauti yoyote, maana mlango ulikuwa umefungwa. Kisha Verner akaketi kwenye kiti changu, akaomba kalamu, akaandika jina lake lote, polepole, kwa mwandiko mzuri kuliko wangu, na Malthe akaipuliza wino ukauke.